Ulizia ngazi kabla hujaulizia bahari

Safari na watoto wadogo, sehemu ya 6

Likizo inakaribia, na swali ninaloulizwa sana na wenzangu tunaoishi huku Ulaya ni lile lile: "Dada nesi, tunataka kwenda Italia, pwani, tuna mtoto wa mwaka mmoja. Tuchukue hoteli au hizi gesti za vijijini?"

Gesti. Na nikisema gesti usinifikirie zile za karibu na stendi! Waitaliano wanaziita affittacamere, yaani mwenye nyumba anakodisha vyumba vyake vichache, kwa kawaida havizidi 6. Mara nyingi mwenyewe anaishi hapo hapo chini au mlango wa jirani. Mimi naona huyo mtu ndiye unayemlipia. Kitanda utakipata popote.

Nazungumzia Cinque Terre, vile vijiji 5 vya pwani ya Liguria: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997, na picha zake umeshaziona hata kama jina hulijui. Nyumba za rangi rangi zimeng'ang'ania mwamba, bahari iko chini. Sasa iangalie tena ile picha kama mama mwenye mtoto mgongoni. Nyumba zimepandana, maana yake ni ngazi. Unashuka kwenye treni, kigari cha mtoto mkono mmoja, begi mkono wa pili, unaanza kupanda. Corniglia ndiyo kabisa: toka stesheni hadi kijijini ni ngazi zaidi ya 370. Kuna basi dogo, sawa, lakini si wewe peke yako unayelisubiri.

Na kile chumba chenye kibaraza cha kutazama bahari mara nyingi ndicho kilicho juu kuliko vyote, na ndicho cha bei kubwa. Yaani unalipa zaidi ili upande zaidi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki chache zilizopita hana biashara na chumba hicho, na mumewe asimshawishi kwa picha za machweo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika ujumbe uulize: toka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Kwa Kiitaliano, quanti gradini ci sono? Mwenye nyumba mkweli atakupa namba. Akikujibu "ni chache tu", hiyo siyo namba. Halafu uliza kama kuna jiko dogo na friji, maana migahawa mingi ya huko chakula cha jioni hakianzi kabla ya saa moja, saa moja na nusu, na mtoto wa mwaka mmoja hasubiri mpishi. Halafu uliza kama mwenyewe analala hapo hapo. Bahari iache, haihami.

Hilo la mwenyewe kulala hapo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na nina sababu. Tulikuwa Vernazza, usiku wa tatu, mwanangu wa miezi 14 akapandisha homa, 38.9. Saa nane usiku analia, ukuta mwembamba. Mama mwenye nyumba akapanda na gauni lake la kulalia, blanketi mkononi, anasema colpo d'aria, colpo d'aria. Maana yake kapigwa na upepo, eti kwa sababu dirisha lilikuwa wazi baada ya kumwogesha. Jamani, nilimwona bibi yangu wa Tanga! Mambo ni yale yale: nywele mbichi usitoke nje, umekula usiingie majini, kifua kifunike.

Kwa mambo mengi ya namna hiyo mimi sibishani na wazee, wawe wa Tanga au wa Liguria. Kumkausha mtoto nywele hakumdhuru. Ila blanketi nilikataa. Mtoto mwenye homa kali hafungwi fungwi, anavalishwa nguo nyepesi, ananyonya na kunywa mara kwa mara. Wala hamwagiwi maji ya baridi. Nikamwambia taratibu, signora, mimi nesi. Akalikunja blanketi lake. Kisha akapiga simu guardia medica, yaani daktari wa zamu wa usiku na siku za mapumziko, akazungumza kwa niaba yangu, maana Kiitaliano changu kinaishia kwenye mkate na maziwa. Daktari akauliza: anapumua vizuri? anakunywa? pampasi inalowa? Yote ndiyo. Basi tukaambiwa tumwangalie, asubuhi tumpeleke akaonwe. Kulipokucha signora ndiye aliyejua famasia ipi iko wazi, maana zinapokezana zamu. Mimi ni nesi na bado nilimhitaji. Wewe ambaye si nesi je?

Hapo famasia kuna jambo wengi hawalijui. Ukisema homa ya mtoto Italia, utaambiwa Tachipirina. Hiyo ni parasetamoli, ile ile uliyobeba kutoka nyumbani kwa jina lingine. Usimpe zote mbili! Dozi yake inapimwa kwa kilo za mtoto, kwa hiyo mpime uzito kabla hamjasafiri na uandike. Akiharisha, omba soluzione reidratante orale, ndiyo ORS yetu. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38 hatusubiri asubuhi wala ushauri wa signora. Ni hospitali, na kubwa ya karibu iko La Spezia. Dharura piga 112.

Wengine wataniambia, dada, hawa wenye nyumba wanaingilia mno. Kweli wanaingilia. Watamchukua mtoto mikononi kabla hujashusha begi, watampa biskuti, na wazee wao wengine wanaamini chuchu ya plastiki iliyochovywa kwenye asali. Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja ni hatari, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Na chini ya miezi 6 ni maziwa peke yake. Sema siku ya kwanza, ukiwa unatabasamu: solo latte, niente miele. Maziwa tu, asali hapana. Wanaelewa, na watawaambia majirani kabla hujamaliza kupanga nguo. Mimi nachagua kero hiyo kuliko mapokezi ya hoteli ambako hakuna anayejua kama mwanao amelala au hakulala.

Mengine ya haraka haraka. Beba pasipoti ya kila mmoja hata kichanga, mwenye nyumba anatakiwa kuwaripoti wageni wake polisi ndani ya saa 24, siyo kwamba anawashuku. Kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku, watoto wadogo mara nyingi hawalipi. Wenye bima ya Ulaya bebeni ile kadi. Bibi akija kutoka nyumbani kwa viza ya Schengen, ile bima yake ya angalau euro 30,000 aisafirie nayo, isibaki kwenye droo. Kanga mbili usiache, kigari hakipandi ngazi lakini mgongo unapanda. Na kama mnaweza, nendeni Juni au Septemba. Katikati ya Agosti Italia nzima iko ufukweni, joto kali, na vyumba vya chini vyenye ngazi chache vimeshachukuliwa na Waitaliano wenyewe, wao wanazijua.

Wiki ijayo, sehemu ya 7: masikio ya mtoto kwenye ndege.