Chungu Kimoja, Bila Ngano



Barua iliyotufikia juma hili imetoka Machakos. Mwenye kuiandika ni mama wa watoto watatu, mwajiriwa, atokaye nyumbani alfajiri na kurejea magharibi ikikaribia. Binti yake wa kati, mwenye umri wa miaka minane, amepimwa baada ya kusumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu, na daktari ameamuru asile ngano tena maishani mwake. Mama huyu hafichi kwamba jiko hajalizoea: alisoma shule za bweni, akaolewa, akaingia kazini. Anavyovimudu ni chapati, mkate wa dukani na tambi, navyo vyote vitatu sasa vimekatazwa. Anauliza: “Nitampikia nini mtoto huyu, na muda wa kupika vyungu viwili nitautoa wapi?”

Dada yangu, usipike vyungu viwili. Pika kimoja, na nyumba nzima ile hicho hicho.

Kwanza maneno machache juu ya maradhi yenyewe, kwa sababu wasomaji wengine huenda wakayasikia leo kwa mara ya kwanza. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, katika shayiri na katika nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika, na mahamri yafure. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kila gluteni ipitapo, kinga ya mwili huugeukia utumbo mwembamba na kuuharibu pale hasa panapofyonzwa chakula. Mtoto hula akashiba, lakini mwili haupati kitu: tumbo hujaa, choo huwa chepesi, damu hupungua, kimo hakiendi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alishuhudia jambo hili katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa ya vita ilipoikumba nchi yake. Mkate ulipoadimika, watoto wenye maradhi haya walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisaharawi wanaoishi kambini kule Algeria uliwakuta zaidi ya watano katika kila mia wanayo.

Dawa ya kumeza haipo. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, si kuipunguza.

Na mzazi anayemshuku mwanawe asikimbilie kumwachisha ngano kabla ya kumpeleka hospitali. Kipimo cha damu hutafuta alama ambazo mwili huziacha unapopambana na gluteni, na mtoto aliyekwisha kuiacha kwa miezi huenda akaonekana mzima ilhali si mzima. Apimwe kwanza akiwa angali anakula kama kawaida, kisha aachishwe kwa amri ya daktari.

Sasa tuingie jikoni. Wengi wanaopewa habari hii hukimbilia maduka makubwa ya Nairobi kutafuta mkate na unga ulioandikwa kuwa hauna gluteni. Vitu hivyo vipo, lakini vingi huletwa kutoka ng'ambo, bei yake ni mara kadhaa ya unga wa kawaida, na ladha yake, kwa maoni yangu, haistahili safari. Ngano imezoeleka mno katika sahani zetu hata tumedhani bila yake hakuna futari wala kifungua kinywa. Lakini wali, muhogo, ndizi, viazi vitamu, mahindi, mtama, uwele, wimbi, na jamii yote ya kunde na mbaazi havina hata chembe ya gluteni. Nyama, samaki, mayai, maziwa na nazi pia havina. Nawe unaishi Machakos, katikati ya nchi ya ndengu na mbaazi! Ukifika Marikiti (jina ambalo sisi wa Mombasa tunalo pia, hivyo hutajiona mgeni) utaona magunia ya vyakula ambavyo mwanao anaweza kuvila bila hofu.

Anza na mseto. Ndicho chakula ambacho hata aliyeshika mwiko jana hakimshindi, na zile mnazoziita ndengu ndizo pojo zetu za Pwani. Ndengu hazihitaji kulowekwa. Hiyo ndiyo sababu ya kuzitanguliza kwa mtu anayerudi jioni. Chambua kikombe kimoja cha ndengu, osha, utie sufuriani pamoja na vikombe vinne vya maji, uchemshe kama nusu saa hadi zilainike bila kupondeka. Tazama maji yaliyobaki: yawe kama vikombe viwili; yakizidi mwaga, yakipungua ongeza. Tia vikombe viwili vya mchele uliooshwa, vikombe viwili vya tui na chumvi. Yakichemka, koroga mara moja tu, funika, punguza moto hadi uwe mdogo kabisa, uache dakika ishirini. Usifunue funue. Mseto haupaswi kuchambuka kama pilau. Ukiwa na majimaji kidogo umekuwa sawa, na hapo ndipo asiye mzoefu anapopata raha, kwa kuwa kosa la kuzidisha maji halionekani. Pembeni weka kachumbari, au mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, au yai. Nazi ikiwa ghali huko bara, tui la pakiti latosha. Nalo lisipopatikana, tumia maji matupu na ukimaliza utie kijiko cha samli.

Mbaazi zataka subira zaidi, kwa hiyo zifanye kazi ya mwisho wa juma. Loweka usiku wa kuamkia Jumapili, chemsha sufuria kubwa bila chumvi hadi ziive barabara, kisha gawa katika vyombo vya siku tatu au nne na uvihifadhi katika barafu. Jioni ya Jumanne unakaanga kitunguu na pilipili mboga, unatia bizari ya manjano, mbaazi na tui zito, dakika kumi, basi. Huku kwetu mbaazi huandamana na mahamri, na mazoea hayo yana nguvu. Ziandamanishe na muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, na baada ya majuma mawili hakuna atakayeuliza.

Muthokoi wa Kikamba nao ni chakula kamili: mahindi yaliyokobolewa, yakachanganywa na mbaazi au maharage. Watu wa Pwani mtaujua kwa ndugu yake, pure. Loweka usiku, chemsha polepole, unga kwa kitunguu na nyanya. Ila hapa nina neno zito. Nyumba inayoacha ngano hujikuta ikila mahindi zaidi, na mahindi ya Ukambani yana historia yake. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wa Makueni na Kitui, na Machakos nayo ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiuawi kwa kuchemsha. Kukoboa hupunguza kiasi chake, hakuiondoi yote. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, yanayolia yakigongana. Tupa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye harufu ya uvundo. Gunia lisilale sakafuni. Wala usiyafanye mahindi kuwa chakula cha kila siku: leo wali, kesho uwele, kesho kutwa muhogo.

Kifungua kinywa ndicho kilichomtia mama huyu unyonge zaidi, kwani chai bila mkate kwake si chai. Jawabu lake ni mkate wa kumimina. Wengi huuogopa bure. Ni rahisi kuliko vitumbua, maana hauhitaji chuma maalumu wala kusimama jikoni kugeuza kimoja kimoja. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Uchuje, uusage katika blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, iliki iliyotwangwa na kijiko kimoja cha chai cha hamira, hadi ukishika kwa vidole usihisi punje. Funika uache uumuke kwa muda wa saa moja. Kisha tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja uliopigwa ukatoa povu, changanya taratibu, umimine katika sufuria iliyopakwa samli na kupashwa moto. Katika joko, dakika thelathini na tano hadi arubaini kwa moto wa kiasi. Kwa jiko la makaa, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Ukioka Jumamosi jioni, wafaa hadi Jumatatu. Na rojo lile lile, ukiliongeza tui kidogo na kulitandaza juu ya kikaango, hukupa chila, zinazokunjika na kuchovywa mchuzi kama chapati.

Chapati zenyewe za unga wa mchele au wa muhogo usizijaribu mwezi huu. Kisicho na gluteni hakivutiki, na mwenye mkono mchanga ataambulia vipande na machozi.

Kwa futari, mahali pa sambusa patajazwa na bajia za kunde: kunde zilizolowekwa, zikamenywa na kusagwa pamoja na vitunguu saumu, dania na pilipili. Lakini zikaangwe katika mafuta mapya. Mafuta yaliyokwisha kukaanga mahamri yana ngano ndani yake, na bajia safi ikitiwa humo huwa si salama tena.

Jambo hili la ngano iliyojificha ndilo linalowashinda wengi baada ya kujifunza mapishi. Viazi karai huvikwa unga wa ngano. Katlesi hugaragazwa katika chembe za mkate. Soseji aghalabu huongezwa unga. Mchuzi wa soya mwingi hutengenezwa kwa ngano. Mvuje wa unga uuzwao katika vikopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, jambo ambalo hata wapishi wakubwa hawalijui. Unga wa uji wa mchanganyiko huenda ukawa na ngano au shayiri. Kinu cha kusagia nafaka nacho, kikitoka kusaga ngano ya mwenzako, mtama wako wa kwanza utaizoa ile iliyobaki. Subiri usagiwe baada ya mwenye mahindi. Sisi tumezoea kusoma maandishi ya pakiti tukitafuta alama ya halali na kuogopa jelatini. Tusome mistari miwili zaidi. Alama ya halali haisemi lolote juu ya ngano.

Kwa shayiri nitatua kidogo. Mtoto anapodhoofika, jamaa wema huleta talbina, wakijua kuwa imetajwa katika Sunna kuwa ni liwazo kwa mgonjwa. Talbina hupikwa kwa shayiri, na shayiri humdhuru mwenye siliaki sawasawa na ngano. Sheria haimlazimishi mtu kula kinachomdhuru. Mpokee mleta talbina kwa shukrani, umpe kikombe cha uji wa wimbi akiwa ameketi na mtoto, umweleze.

Vyombo: tenga mwiko wa mbao, chekecheke na kibao cha kusukumia, kwa kuwa unga hukaa katika nyufa za mbao hata baada ya kuoshwa. Sufuria za chuma zikisuguliwa vizuri hazina shida. Kama baba wa nyumba hawezi kuacha mkate wake, na awe nao kwa kisu chake na siagi yake.

Mama huyu ameandika pia kwamba mavyaa yake humwita mjukuu pembeni na kumpa kipande cha hamri, akisema kidogo hakiui. Si ubaya wa moyo. Bibi anaona mtoto anaonewa. Hapo ndipo ilipo sababu yangu ya chungu kimoja. Mtoto anayewekewa sahani yake ya ajabu pembeni ya sinia atahurumiwa na kila mtu, naye atajihurumia, na kila huruma italeta kipande kwa siri. Akila mseto ule ule na nduguze, mkono wake sinia moja na wao, bibi hatakuwa na la kumwonea huruma. Mchukue mavyaa hospitalini safari ijayo, amsikie daktari mwenyewe. Na baada ya hapo mwombe akufundishe kumimina mkate: wanawake wa umri wake walioujua kabla ya blenda wana mengi ambayo safu hii haiwezi kuyaandika. Mwalimu wa madrasa naye aambiwe, kwa sababu mandazi hugawiwa huko kwa nia njema, na mtoto wa miaka minane haoni urahisi wa kukataa.

Ameuliza mwisho juu ya tambi za Idi. Tambi za mchele huuzwa katika maduka ya Nairobi, na pengine Machakos pia ukiulizia. Angalia tu pakiti isiwe imechanganywa na ngano. Haziwi kama zile za kawaida: usizichemshe, bali ziloweke katika maji ya moto dakika chache, uzichuje, kisha uzigeuze katika samli, sukari, iliki na zabibu kwa moto mdogo. Zikikaa sana motoni hugeuka uji, kwa hiyo ziache mpaka wanaume wametoka kwenda kuswali, ndipo uwashe jiko.