Tukiingia Jumba la Maduka Tutazame Nini?



Siku ya Jumapili, hapa Chinsapo, utawaona vijana wamevaa nguo zao nzuri wakingoja minibasi ya kwenda mjini kutazama maduka. Wengi wao hawaendi kununua. Wanakwenda kutembea juu ya sakafu inayong'aa, kupata hewa baridi, na kuona vitu vilivyopangwa nyuma ya vioo. Wako watu wanaowacheka kwa jambo hilo. Sisi hatuwacheki, maana mfanyakazi naye anapenda mahali safi na penye mwanga. Swali letu ni jingine: tukiingia humo, tutazame nini?

Majumba haya sasa yamo katika miji mingi ya Afrika. Dar es Salaam ilipata Mlimani City mwaka 2006. Accra, mji mkuu wa Ghana, ilipata Accra Mall mwaka 2008. Hapa Lilongwe tunalo The Gateway, Area 47, na Lilongwe City Mall. Ukiyatembelea mawili umeyajua yote: mlinzi mlangoni, benki, duka la simu, duka la viatu, na mwishoni supamaketi kubwa. Basi tutazame mambo matatu.

Jambo la kwanza ni rafu. Sukari iliyo pale imetoka Nchalo na Dwangwa, na majani ya chai yametoka Thyolo na Mulanje. Aliyekata miwa na aliyechuma chai ni msomaji wa gazeti hili. Na zile bidhaa zinazotoka Afrika Kusini, je? Hizo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na zao linaloongoza kutuletea fedha hizo ni tumbaku, ile ile inayopita katika mikono ya wenzetu mashambani na katika viwanda vya Kanengo. Kwa hiyo mkulima na mfanyakazi wa tumbaku wamekwisha kuilipia ile rafu kabla hawajaingia dukani.

Lakini wao wenyewe wanaweza kununua nini? Tufanye hesabu. Mwezi Novemba 2023 thamani ya kwacha ilishushwa, na dola moja iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Bei za vitu vya kutoka nje hazikungoja. Kima cha chini cha mshahara, kilichokuwa kwacha 50,000 kwa mwezi tangu 2021, kilipandishwa kufika 90,000 mwaka 2024, na 126,000 mwaka 2025. Gawanya hizo 126,000 kwa siku 26 za kazi, kisha kwa saa 8. Unapata kama kwacha 600 kwa saa. Chukua hesabu hiyo uingie nayo dukani. Ukiona bei ya chupa ya mafuta ya kupikia, usiisome kwa kwacha. Isome kwa saa: nitasimama mbele ya mashine saa ngapi ili niipate chupa hii? Mtu akizoea kusoma bei namna hiyo, haogopi tena kudai nyongeza, maana ana hesabu mkononi.

Jambo la pili ni watu. Yuko mlinzi anayesimama kutwa. Yuko mama anayefuta sakafu, na dada anayepokea fedha. Waulize taratibu: mwajiri wako ni nani? Aghalabu utasikia kwamba mfagiaji na mlinzi wameajiriwa na kampuni nyingine, wala si duka wala mwenye jumba. Wakidai haki yao, kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake. Tunaijua mbinu hiyo viwandani, ambako kibarua wa msimu huambiwa aende kwa wakala.

Tena maduka makubwa huja na huondoka. Nakumatt ya Kenya ilikuwa na matawi mpaka Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Wafanyakazi walikwisha kukaa miezi bila mishahara. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Kenya na Uganda mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba inaondoka Ghana na hapa kwetu Malawi. Tajiri akiondoka huhamisha mtaji wake. Mpokea fedha hana mtaji wa kuhamisha. Asipokuwa na chama, habari ya kuuzwa kwa duka huisikia redioni kama mtu mwingine yeyote.

Jambo la tatu ni kuta zenyewe. Fedha za kujengea zimetoka wapi? Huko Accra, jumba la West Hills lililofunguliwa 2014 lilijengwa pia kwa fedha za mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Hapa kwetu, The Gateway ni mali ya MPICO, ambayo mwenye hisa mkubwa ni Old Mutual, na Old Mutual ndiyo inayosimamia pensheni za wafanyakazi wengi nchini. Sheria ya pensheni humtaka mwajiri atoe asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Fedha hizo hazilali sandukuni. Hutafuta faida katika hisa na majumba. Si vibaya. Lakini ikiwa akiba yetu ndiyo inayojenga, tunayo haki ya kuuliza: mfagiaji wa jumba hilo analipwa kiasi gani, na je, naye anakatiwa pensheni?

Wako watakaosema kwamba majumba haya yameleta kazi. Ni kweli, na hatutaki hata moja lifungwe. Lakini kazi isiyo na mkataba ni ganyu tu, hata ikifanywa chini ya taa nzuri.

Wala tusiwasahau wenzetu wa Dzaleka, wasomaji wengi wa ukurasa huu wa Kiswahili. Malawi iliweka masharti yake juu ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na mkimbizi hana uhuru wa kuajiriwa wala wa kukaa apendapo. Mwezi Mei 2023 waliokuwa wakiishi mijini waliondolewa kwa nguvu na kurudishwa kambini, na maduka yao madogo yakafungwa. Anayefanya kazi kwa kujificha hukubali ujira wowote, na ujira huo hutumiwa kutushusha sote. Kumtetea yeye ni kulinda mshahara wa Mmalawi pia.

Tufanye nini basi? Sheria ya nchi inasema chama chenye asilimia 20 ya wafanyakazi wa mahali pa kazi chaweza kujadiliana na mwajiri. Katika duka lenye watu 50, hao ni watu 10 tu. Dada zetu na wadogo zetu wanaofanya kazi katika majumba hayo twaishi nao nyumba kwa nyumba hapa Chinsapo. Hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Kila mwanachama aongee na mmoja wao wiki hii, na wawakilishi wetu katika mifuko ya pensheni waulize lile swali la mfagiaji katika mkutano ujao, na jibu liandikwe.