Nani Apishwe?

Iko methali ya Kiswahili iliyoanza katika hekima ikaishia katika uonevu, nayo ni ile isemayo: Mwenye nguvu mpishe. Ilipotungwa, hapana shaka ilikuwa onyo kwa mnyonge asijitie mashakani bure; haikuwa hati ya ruhusa kwa mwenye mabavu. Leo onyo limekuwa haki. Dereva wa lori huisema methali hiyo kwa honi, mwenye cheo huisema kwa king'ora, na mwenye fedha huisema kwa kuingia benki kwa mlango wa pembeni. Nayo methali ya pili, Subira yavuta heri, imefanywa dawa ya usingizi ya kunyweshwa wale waliobaki nyuma. Insha hii inazishitaki methali hizo mbili, si kwa maneno yake, bali kwa kazi mbaya ambayo zimetiwa.

Kama liko darasa la jambo hili katika Tanzania, darasa hilo ni Tunduma. Mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya kilomita zaidi ya 900, ikaukuta mpaka wa Zambia. Ng'ambo ni Nakonde. Hapo hapo huchepuka njia iendayo Sumbawanga. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo hupita hapo. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwenda bandarini. Mafuta na bidhaa hupanda kwenda bara. Katikati ya magurudumu hayo hupita mkulima wa kahawa wa Mbozi, mwalimu wa Momba, mama mwenye gunia la mchele, kijana wa bodaboda na mzee mwenye fimbo. Kwa hiyo mji mzima ni swali moja ambalo huulizwa mchana na usiku: nani apite kwanza?

Na tuanze na barabara. Mzunguko wa magari katika njia panda tumeuita kipilefti. Jina hili limezaliwa na amri ya Kiingereza iliyokuwa ikiandikwa kwenye vibao, iliyomtaka dereva ashike kushoto. Tazama basi ajabu ya lugha yetu: tuliipokea amri ya kushika kushoto tukaifanya jina la mahali, lakini sheria iliyo roho ya mahali hapo, yaani kumpisha ajaye kutoka kulia, hatukuipa jina lolote. Tulilolipa jina twalikumbuka, na tusilolipa jina twalisahau. Wako madereva wengi wajuao kipilefti kilipo, wasiojua kipilefti ni nini.

Sheria ile si mapambo ya vitabu. Sisi hushika kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo gari lililokwisha kuingia katika duara humjia kutoka kulia yule anayetaka kuingia. Asemapo mwalimu wa udereva, "Mpishe wa kulia," maana yake ni hii: mpishe aliyemo ndani. Uingereza ilikaa na mizunguko kwa miaka mingi bila ya kanuni hiyo kuwa ya wote, na magari yalipozidi mizunguko ilikabwa koo. Hata mwaka 1966 ilipoamriwa kwamba aingiaye amngoje aliyemo. Sababu yake mtoto aweza kuifahamu. Wa nje wakiingia kwa nguvu, wa ndani hawawezi kutoka. Wa ndani wasipotoka, wa nje hawana pa kuingia. Na mwisho wake wote husimama, mwenye nguvu na asiye na nguvu, wakitukanana kwa honi. Duara huishi kwa kutoa kabla ya kupokea. Likilazimishwa kupokea kabla ya kutoa, hufa.

Basi dereva anayejipenyeza hana hata faida ya wizi wake. Mwizi wa kuku hula nyama. Mwizi wa zamu barabarani hula moshi. Hata hivyo, tunamwona kila siku. Akiwa na lori la tani 30 huutegemea uzito wake, akijua kwamba hakuna mwenye gari dogo atakayejaribu kubishana na chuma. Akiwa na pikipiki huutegemea wembamba wake. Akiwa na gari lenye vioo vyeusi huutegemea mashaka ya watu juu ya nani aliyeketi ndani. Penye foleni hutanua, kama wasemavyo madereva, akachukua upande wa wajao, na akikutana nao huwatazama kwa hasira kana kwamba wao ndio wamepotea njia. Katika mji wa mpakani, ambako huja pia madereva waliozoea Kongo, nchi ambayo watu wake hushika kulia, kanuni moja inayoshikwa na wote si adabu tu; ni uhai wa watu.

Sasa na tuyaache magurudumu tuingie benki, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule, ijapokuwa huku sakafu ina vigae na mlangoni pana mlinzi. Benki zetu ziliwahi kutwaliwa kwa jina la wananchi. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Na miaka thelathini baadaye, mwaka 1997, benki hiyo iligawanywa, ushindani ukakaribishwa. Tuliahidiwa kwanza kwamba benki itatuhudumia kwa sababu ni yetu. Tukaahidiwa baadaye kwamba itatuhudumia kwa sababu inatushindania. Mteja aliyesimama mwisho wa mwezi mbele ya madirisha sita, mawili tu yakiwa na watu, ana haki ya kuuliza ni ahadi ipi kati ya hizo mbili iliyomfikia.

Mtu atasema: dirisha moja likifungwa, hasara ni ndogo, watu watangoja kidogo zaidi. Neno hili si kweli, na wanafunzi wa hesabu wapaswa kuwa wa kwanza kulikanusha. Mdenmark Agner Krarup Erlang alianza mwaka 1909 kuzichunguza foleni za simu kwa hesabu, na elimu iliyotoka katika kazi yake yatufundisha jambo la kutisha. Chukua dirisha moja ambalo wateja hulijia bila mpango na shughuli zao hazilingani urefu. Mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, waliopo kwa wastani, pamoja na anayehudumiwa, ni mtu 1. Akiwa na kazi sehemu 9 katika 10, wao ni 9. Akiwa na kazi sehemu 19 katika 20, wao ni 19. Kazi haikuongezeka hata mara mbili. Foleni imeongezeka mara kumi na tisa. Anayefunga dirisha siku ya mishahara au msimu wa malipo ya kahawa hapunguzi huduma kidogo, anaiporomosha.

Wala gharama haikupotea, imehamishwa. Mshahara ambao benki haikumlipa mhudumu wa dirisha la tatu hulipwa na mkulima aliyetoka kijijini alfajiri, akalipa nauli, akangoja hata basi la kurudi likaondoka, akalipa na malazi. Hulipwa na mwalimu aliyeliacha darasa bila mtu. Malipo hayo hayaandikwi katika daftari lolote. Mwisho wa mwaka benki hutangaza faida yake, na hakuna safu ya tarakimu ionyeshayo saa za watu zilizoliwa. Mtu akimwibia mwenzake shilingi hupelekwa kituoni, akimwibia saa nne huambiwa, "Subira yavuta heri." Heri imwendee nani? Aliyesubiri ameondoka na fedha zake mwenyewe, alizoziweka mwenyewe.

Iko kauli moja ambayo yastahili kufukuzwa katika ofisi zetu: "Mtandao unasumbua." Tazama ufundi wake. Haina mtenda mwanadamu. Haisemi ni nani anayeshughulikia, wala itachukua muda gani, wala mteja aende nyumbani au akae. Mtandao umekuwa kama mvua, jambo la Mungu lisilo na meneja. Na akimbiliaye simu ya mkononi, ambayo tangu mwaka 2008 imetufundisha kutuma fedha bila kuingia benki, hufika kwa wakala akaambiwa kwamba fedha taslimu zimekwisha, kwa kuwa wakala naye alikuwa amepanga foleni benki. Simu imepunguza mzigo, na ni haki kuishukuru. Lakini haikuiondoa haki ya mtu aliyefika dirishani na kitabu chake mkononi.

Najua jibu litakaloletwa na baadhi ya wasomi: kwamba kupanga foleni ni desturi ya kigeni, nasi tunadaiwa adabu isiyo yetu. Jibu hili lina sauti ya uzalendo na moyo wa uvivu. Nenda kisimani wakati wa kiangazi. Ndoo zimepangwa mstari tangu kabla ya jua kuchomoza. Wenyewe wameketi kivulini au wamerudi kukoka moto. Ndoo yashika nafasi ya mtu asiyekuwapo, na hakuna aisogezaye, ijapokuwa haina mlinzi wala kamera. Atakayeisogeza atasemwa kijiji kizima. Tazama tena mchezo wa bao: mchezaji stadi humshinda mwenzake kwa akili, lakini hachezi mara mbili kwa kuwa yeye ni stadi. Zamu ilikuwa yetu kabla ya lami na kabla ya hundi. Lililo geni ni kudhani kwamba mtu akipata gari au cheo, amekwisha kutoka katika hukumu ya kisima.

Wala haifai kudhani kwamba majengo peke yake yatatuponya. Mwezi Oktoba 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mahali pamoja badala ya kila upande kivyake. Lilikuwa jambo jema. Lakini foleni ya malori haikuisha kwa sababu hiyo. Baada ya uzinduzi imeonekana tena na tena ikinyoosha mkia wake nyuma barabarani, madereva wakipika chini ya matrela yao na kulala juu ya usukani. Jengo laweza kufupisha njia ya karatasi. Haliwezi kumzuia karani kuitoa chini karatasi ya mtu na kuiweka juu. Dereva aliye wa arobaini hachoshwi sana na kuwa wa arobaini. Kimchoshacho ni kuamka akajikuta wa hamsini.

Je, basi asipishwe mtu yeyote? Hasha. Gari la wagonjwa lipishwe, na lizima moto. Mama mjamzito apishwe, na mlemavu, na mgonjwa. Nchini mwetu yamebandikwa maandishi katika hospitali na ofisi yatutakayo tumpishe mzee, nayo ni maandishi ya heshima. Lakini angalia tofauti. Huyu hupishwa kwa haja yake, yule hupishwa kwa nguvu yake. Huyu akipita, kila aliyebaki nyuma hujiona amekuwa mtu bora kidogo. Yule akipita, kila aliyebaki nyuma hujiona amepungua utu. Zamu iliyotolewa kwa hiari ni sadaka. Zamu iliyotwaliwa ni mali ya wizi.

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa chuo, na shitaka hili haliwezi kuishia kwa dereva wa lori, ambaye huenda hakupata nafasi ya shule. Ni nani ampigiaye simu meneja kabla hajafika benki, ili apokewe chumba cha ndani? Ni nani aulizaye kwa sauti, "Unajua mimi ni nani?" Si mama wa mchele. Swali hilo huulizwa na mtu mwenye shahada. Elimu iliyomfundisha mtu kuandika juu ya usawa na isimfundishe kusimama nyuma ya mwenzake imempa wino, haikumpa utu.

Dawa yaweza kutajwa kwa maneno machache. Kila benki ibandike mlangoni, kila siku, muda ambao mteja alingoja jana tangu kushika namba hata kuhudumiwa, na madirisha yote yafunguliwe siku ambazo kila mtu azijua kuwa ni za msongamano. Mtandao ukikatika, atoke mtu mwenye jina aseme nini kimetukia na lini kitakwisha. Wateja nao wazitumie Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, ambazo zimewapa njia ya kulalamika. Asiyejua kumpisha wa kulia asipewe leseni, na ajuaye akakaidi atozwe faini, awe na bajaji au awe na bendera. Mpakani orodha ya magari ibandikwe ukutani kwa namba zake, aliyeshuka aone na aliyepanda aonekane.

Hayo yote hayataki mkopo wa nje wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Yanataka tukubali jambo moja: kwamba zamu ya mtu ni mali yake, kama shamba lake na kama ng'ombe wake, na kwamba kwa maskini huenda ikawa ndiyo mali ya pekee anayokwenda nayo dirishani na barabarani. Mwenye nguvu ana nguvu zake. Hana haja ya kuongezewa na njia. Apishwe aliyetangulia, na apishwe aliye dhaifu. Mwenye nguvu angoje.