Lori la Uhamisho Libebe na Kuni

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya chai,

Mtu akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, lori la shamba hubeba kitanda, sufuria na kuku. Kuni huachwa. "Huko uendako kuna miti," husema msimamizi. Kweli ipo, lakini ingali imesimama, imejaa maji.

Hapa magharibi mwa Uganda wengi wetu tunapikia mikaratusi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuni hizo hutoa moshi kuliko moto. Mama anapuliza mafigani macho mekundu, mtoto anakohoa, na kengele ya kazi haingoji uji uive. Kiwanda chenyewe hakikubali hivyo: magogo ya boila ya kukaushia majani ya chai hupangwa miezi mingi yakauke kwanza. Je, kinachofaa boila ya mwajiri hakifai chungu cha mfanyakazi?

Mimi nilihamishwa nikaacha rundo nililolipasua kwa miezi sita, jioni baada ya kazi. Jirani alilifurahia, simlaumu. Mimi nilipikia moshi msimu mzima wa mvua.

Basi tudai iandikwe katika mkataba: kuni za mfanyakazi ni mzigo wake, zipakiwe. Nasi tuzikung'ute mchwa kabla ya kupakia, wasihamie nyumba mpya pamoja nasi. Tukifika tuzipange juu ya mawe, mbali na ukuta, juu zifunikwe, ubavuni upepo upite.

Wawakilishi wa matawi, lileteni jambo hili kwenye mkutano ujao na mwajiri.