Ufafanuzi wa Nani Unapanda Mimbarini?

Mhubiri anayeandaa neno la Jumapili siku hizi mara nyingi hafungui kabati la vitabu, anafungua simu. Humo, bila malipo, anamkuta Matthew Henry, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1714. Ufafanuzi wake wa Biblia umelea vizazi vya waumini, na heshima yake ni ya haki. Ila Henry aliishia Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi hadi Ufunuo, kazi ilikamilishwa na wachungaji wenzake baada ya kifo chake, kwa hiyo anayesema mimbarini "Matthew Henry anasema" juu ya Warumi 8 kwa kweli anamnukuu mtu mwingine.

Hilo ni dogo. Kubwa ni yale ambayo dunia imeyapata tangu hapo. Katika 1 Yohana 5:7, ufafanuzi huo unatetea kwa kirefu maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni. Lakini nakala za kale za Kigiriki hazina maneno hayo. Mwaka 1947 zilianza kupatikana hati za Bahari ya Chumvi, na miongoni mwake gombo zima la Isaya, lenye umri unaozidi kwa takriban miaka elfu moja ule wa nakala kamili za Kiebrania zilizotegemewa hadi wakati huo. Mwaka 1993 likachimbuliwa jiwe la Tel Dan, ambalo wataalamu wengi wanasoma ndani yake maneno "nyumba ya Daudi". Mfafanuzi wa karne ya 18 angefurahi kuyajua haya. Hakupata nafasi hiyo. Mhubiri wa leo anayo.

Upya peke yake, hata hivyo, si sifa. Mwaka 2016 shirika la uchapishaji la Eerdmans la Marekani liliondoa sokoni vitabu vitatu vya ufafanuzi vya mwandishi mmoja aliyeheshimiwa sana, baada ya kubainika kwamba vilitumia maandishi ya wengine bila kuwataja ipasavyo. Ndiyo maana haifai kununua mfululizo mzima kwa kuvutiwa na majalada yanayofanana. Kila juzuu lina mwandishi wake, na ndani ya mfululizo mmoja hupatikana juzuu bora na juzuu hafifu. Ufafanuzi wa Gordon Fee juu ya 1 Wakorintho, uliotoka mwaka 1987 na kurekebishwa na Fee mwenyewe mwaka 2014, ni mfano wa juzuu linalostahili kununuliwa peke yake.

Kisha liko swali la nani anaulizwa. Africa Bible Commentary, iliyotoka mwaka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, iliandikwa na wasomi 70 wa Afrika. Katikati ya maelezo ya sura na aya kuna makala juu ya uchawi, rushwa, UKIMWI na kurithi wajane. Mchungaji anayeitwa usiku kwenye familia inayogombania mjane hatapata msaada wa namna hiyo katika juzuu la kurasa elfu lililoandikwa Ulaya, hata likichambua kila kitenzi cha Kigiriki. Hata hivyo, Africa Bible Commentary ni juzuu moja kwa Biblia nzima, kwa hiyo haliwezi kuzama kila mahali. Samuel Ngewa wa Kenya ameendeleza kazi hiyo kwa vitabu kamili juu ya Wagalatia na juu ya nyaraka kwa Timotheo na Tito.

Bei ndiyo kikwazo, na wahubiri wengi hawawezi kuibeba peke yao. Wachungaji wa eneo moja wanaweza kugawana: huyu anunue Isaya, yule Marko, vitabu vizunguke. Kamati za fedha za sharika nazo, zinapopanga bajeti ya mwaka ujao, ziweke fungu la vitabu vya mhubiri kama zinavyoweka fungu la vipaza sauti.