Mnara Tuupime, Tusiusingizie

Ndugu zangu wa Nkowe, nanyi mlioko vijiji vya jirani hadi Ruangwa mjini na Nachingwea,

Kaa kidogo kwenye benchi la kibanda cha kuchaji simu utayasikia. Kwamba simu inaleta saratani ya ubongo. Kwamba mnara ukisimikwa karibu na shamba, mikorosho inapukutisha maua. Wanaosema hivyo siwacheki. Wana watoto nyumbani, wana simu mkononi, na aliyewauzia simu hakuwaeleza lolote zaidi ya bei. Naomba tulizungumze jambo hili taratibu, kisha tulipeleke mahali panapostahili.

Mionzi haiko ya aina moja. Ile ya X-ray, na ile ya madini ya urani kama yaliyoko Mto Mkuju kule Namtumbo, ina nguvu ya kuharibu vinasaba ndani ya mwili. Ndiyo maana mama huulizwa kama ni mjamzito kabla ya kupigwa picha hospitalini. Mawimbi ya simu ni ukoo mmoja na ya redio, na nguvu yake haifiki huko. Athari yake inayofahamika kwa hakika ni kupasha mwili joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa chini sana ya pale joto hilo linapoanza kudhuru. Mawimbi ya redio tumeishi nayo tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951.

Hofu yenyewe, hata hivyo, haikuzuka hewani. Mei 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi haya katika kundi 2B: vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Magazeti yakashika neno saratani, neno huenda likaachwa njiani. Kundi hilohilo lina dondoo ya jani zima la aloe vera. Mwaka uliotangulia, utafiti wa Interphone wa nchi 13 haukuona ongezeko kwa watumiaji kwa jumla, ingawa kwa wale waliokuwa wakiongea saa nyingi kuliko wote ilionekana dalili iliyowakuna vichwa watafiti, na wenyewe wakakiri takwimu hizo zilikuwa na kasoro. Kisha mwaka 2024 ikatoka tathmini iliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, ikipitia tafiti 63 kutoka nchi 22. Haikuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. Hakuna mwanasayansi mwaminifu atakayekuapia kwamba hatari ni sifuri, hawaapi hivyo hata kuhusu maji ya kunywa. Mimi naona ushahidi umeelemea upande mmoja, na umeelemea sana.

Sasa sikieni jambo ambalo vijiweni halisemwi kabisa. Chukua kitochi chako, shuka bondeni ambako mtandao unasoma mstari mmoja, piga simu. Utaona chaji inavyokwenda na simu inavyopata moto. Betri inakamuliwa, kwa sababu simu inajitahidi kuufikia mnara ulio mbali, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde: akiwa mbali atapiga kelele, akisogea atanong'ona. Simu ya 2G inaweza kupandisha nguvu yake hadi wati 2 kwa vipindi vifupifupi, ambavyo kwa wastani huwa kama robo wati. Mnara ukiwa karibu inajishusha yenyewe hadi sehemu ndogo sana ya hapo. Mnara nao hurusha makumi ya wati, ila uko juu, unaelekeza mawimbi mbele na si miguuni pake, na kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu inayokufikia hubaki robo. Ile simu, kwa upande wake, umeibana sikioni. Kwa hiyo anayekataa mnara ili kukilinda kichwa chake, anakiongezea mawimbi kichwa hichohicho.

Bado tahadhari ndogo hazina gharama. Ukiwa na mazungumzo marefu, tumia hedfoni za waya au weka laudi spika. Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe, au ngoja ufike mlimani. Mtoto anayeangalia katuni, simu ikae mezani badala ya kifuani. Na simu unayonunua mnadani kwa bei ya kutupa, bonyeza *#06#, chukua namba itakayotokea, itume kwenda 15090 ujue kama inatambulika. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, lakini walaghai hawakuzimika nazo. Simu halali imepimwa kiwango cha mawimbi kinachoingia mwilini. Bandia haijapimwa na yeyote.

Mikorosho je? Maua yanayokauka yakiwa na vumbi jeupe ni ubwiriunga, na dawa yake ni salfa kwa wakati. Tukiusingizia mnara, tutachelewa kupuliza, na tutavuna hasara. Na mkulima wa hapa ndiye wa mwisho kutaka mtandao uzimike: bei ya mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI anaipata kwenye simu, malipo ya ufuta na mbaazi anayafuatilia kwenye simu. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kata ambayo mtandao wake ni wa kubahatisha inayo haki ya kuuliza zamu yake ni lini.

Haki ya kuuliza mengine pia ipo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina jukumu la kupima mionzi, na hupima hata ya minara ya simu. Nawasihi serikali za vijiji zenye mnara ziandike barua kuiomba ije ipime mchana kweupe, shuleni na kwenye zahanati pia, na majibu yasomwe hadharani kwa Kiswahili. Kampuni nayo iulizwe kodi ya kiwanja inalipwa kwa nani. Hilo, nadhani, lina ubishi mkubwa kuliko mawimbi.

Na kama tumeamua kuogopa mionzi, tuanze na ya jua. Orodha ileile ya Lyon imeiweka kundi la kwanza, la vile vilivyothibitishwa kuleta saratani. Mtoto mwenye ualbino anayepelekwa kupalilia ufuta saa sita bila kofia yuko kwenye hatari isiyo na "huenda" ndani yake. Mnunulieni kofia pana na shati la mikono mirefu, ulizeni zahanati juu ya mafuta ya kujikinga, na asubuhi na jioni ndizo ziwe saa zake za shamba. Na kama ni saratani tunayoiogopa, mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe chanjo ya HPV, dozi moja tu, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapeleka wanawake wetu wengi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Vijana wa bodaboda, simu iliyobanwa ndani ya kofia huku unashuka kona inaua leo hii, wala haisubiri utafiti.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mpelekeeni mtendaji ajenda hii ya mnara mapema aiandike, na siku hiyo yule mwenye mashaka kuliko wote apewe nafasi ya kwanza kuuliza.