Ijumaa huanza Jumatano

Mwandishi, hapo uliposema kwenye makala yako kuwa nyumba ya Kiyahudi yenye watoto wadogo haiwezi kuwa na ratiba ya Sabato bila dada wa kazi, sikubaliani nawe. Sisi Wasabato wa huku Mpanda nasi tunashika Sabato, tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi, na wengi wetu hatuna msaidizi. Mimi nafua Jumatano, napiga pasi Alhamisi usiku watoto wakishalala, Ijumaa inabaki kupika, kuogesha na kudeki. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu ndiye anayepanga viatu vya kanisani mlangoni, na ole wake atakayevigusa! Dada uliyelalamikia vumbi la kiangazi kwenye maoni ya hapo juu, pole sana, ila usideki asubuhi. Deki saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wameshaoga. Tena huku magharibi jua linachelewa kuzama karibu nusu saa kuliko Dar es Salaam, itumie hiyo nusu saa. Wayahudi wanaoshika sana sheria hawawashi moto kabisa siku ya Sabato (Kutoka 35:3), kwa hiyo chakula chote huiva mapema. Hapo wametuzidi, nami maharage yangu sasa nayainjika Ijumaa mchana.